Daftari la Klabu, Jumapili ya Pili ya Mei

Tulikutana saa tatu kasorobo, soko la kale la Llanidloes,
watu kumi na mmoja, baiskeli kumi,
maana Emrys na Nesta hupanda ile ya viti viwili
na hulaumiana: wa mbele kwa njia,
wa nyuma kwa uvivu wa miguu.

Hali ya hewa: mimi huandika "nzuri" mvua isipoingia viatuni.
Niliandika "nzuri".

Gethin alikuja na baiskeli mpya, nyepesi kama ahadi,
ambayo mkewe ameambiwa nusu ya bei.
Aliinyanyua kwa kidole kimoja. Tukaguna inavyopasa.
Halafu akafika Tegwen, mgeni wetu, mhasibu,
juu ya chuma cha mjomba wake chenye kikapu,
kila mzunguko wa pedali kikilia kwii, kwii,
kama bata anayedai deni.

Kanuni ya klabu ni moja, imeandikwa jaladani:
haachwi mtu.
Basi kila njia panda tulimsubiri Tegwen.
Gethin aliitazama saa yake,
ile inayompimia mapigo ya moyo
lakini si subira.

Barabara hupita kati ya nyua za miiba iliyochanua,
nyeupe, na harufu yake, sijui niseme nini,
ya asali na ya kitu kilichoanza kuoza.
Mei yote hunukia hivyo kwetu.
Mto Hafren huko juu bado mtoto, unaruka mawe,
hajaambiwa na mtu kwamba atakuja kubeba meli.
Mlima ulipoanza, maneno yalipungua,
sentensi zikabaki na vitenzi, kisha pumzi.
Nesta tu ndiye aliyeendelea kusimulia.
Emrys alilielewa jambo hilo, akanyamaza.

Kisha lango.
Tulimwachia Tegwen lango wazi, kwa ukarimu,
na kondoo wakaupokea ukarimu kabla yake.
Arobaini na mmoja pamoja na wana,
barabara nzima sufu na macho.

Gethin alizunguka kushoto, kondoo kulia.
Emrys akasema huku, Nesta akasema kule,
baiskeli ikachagua mtaro.
Maldwyn, nahodha wetu, miaka sabini na sita,
alipiga kengele yake, trin, kwa adabu kubwa,
na kondoo jike mmoja akaja kuinusa.
Sisi wengine, tuliopanda mlima huu mara mia,
tulisimama mikono wazi kama nguo zilizoanikwa.

Kwii, kwii.
Tegwen alishuka, akalaza chuma chake majanini,
akatia vidole viwili mdomoni.
Mbinja moja ndefu, nyingine fupi, iliyokunjwa mwishoni,
na kutoka nyumba ya mawe bondeni,
nyumba tuliyoipita miaka yote bila kuiona,
mbwa mweusi kwa mweupe akapanda mbio
kama wino uliomwagika kuelekea juu.

"Shamba la baba," alisema. "Sasa la kaka."
Miezi miwili tunamfundisha gia,
tunampa maji, tunamsifu kama mtoto,
na hakuna aliyemwuliza ametoka wapi.

Kondoo waliingia kana kwamba ndiko walikokuwa wakienda.
Akafunga lango. Akalitikisa mara mbili.

Umbali: kilomita kumi na tisa, kati ya sitini zilizopangwa.
Ziwa: hatukulifika.
Ajali: mtaro (mmoja kwa Emrys, wawili kwa Nesta).
Chakula: chai ya kaka yake, mkate wa zabibu, siagi nene kama kidole.
Mengineyo: Gethin, bila kuombwa, alipiga goti uani
akaupaka mafuta mnyororo wa Tegwen, pingili kwa pingili.

Kwa hiyo tuliporudi, njia panda ya kwanza,
tuligeuka, tukasikiliza. Kimya.
Haachwi mtu. Gethin akaupanda tena nusu ya mlima kumtafuta,
anaita, anaita.

Tegwen alikuwa mbele, njia panda ya pili,
mguu mmoja chini,
anatusubiri.